Siku Tuliyompeleka Sangara wa Baba Kwenye Mzani

Mama yangu ana imani mbili zisizotikisika. Ya kwanza ni Kanisa Katoliki. Ya pili ni kwamba baba hajawahi kuvua samaki hata mmoja maishani mwake. Ile ya kwanza alibatizwa nayo, lakini hii ya pili aliijenga mwenyewe, taratibu, kwa ushahidi, jikoni kwetu Kagoma.

Ushahidi wenyewe ulikuwa huu. Baba aliondoka karibu kila Jumamosi alfajiri na kurudi jioni na sangara mzuri, mbichi kabisa, lakini tumbo limekwisha kupasuliwa. Mama alimgeuza huku na huku, akachungulia ndani, kisha akauliza, "Bondo liko wapi?"

Kwa asiyetoka kandokando ya ziwa, bondo ni lile puto jeupe la hewa lililo tumboni mwa sangara. Thamani yake ni kubwa kuliko ya minofu, kwa hiyo wachuuzi hulitoa kabla samaki hajafika sokoni na kuliuza kwa watu wanaolisafirisha nje ya nchi. Kwa mama hapo kesi ilikuwa imekwisha. "Samaki wa kuvua huja na bondo lake," alisema. "Huyu katoka mezani kwa mchuuzi. Amekugharimu kiasi gani?"

Baba alimweleza mara mia. Yeye hana mtumbwi, na anayempakia kwenye mtumbwi wake ndiye anayechukua bondo, hiyo ndiyo desturi ya mwaloni, huko mitumbwi inakoteremshia samaki, wala huwezi kuteremka na samaki wako ukambania mwenye chombo. Mama alijibu, "Sawa, waitu," neno letu la heshima, kwa sauti ileile anayomjibu muuza dawa ya kutibu magonjwa arobaini pale stendi ya Bukoba.

Nitakuwa mwongo nisipokiri kwamba mara moja baba alinunua kweli. Alikuwa ameshinda ziwani bila kupata kitu, akaona haya kurudi mikono mitupu, akanunua. Wiki ileile dhamiri ikamsuta, akakiri mbele ya mama. Mama alisamehe haraka, lakini hakusahau, na tangu siku hiyo samaki wote wa baba, waliotangulia na waliofuata, wakawa wa kununua.

Lazima pia mjue sisi ni watu gani. Sisi ni watu wa kibanja: migomba, kahawa, maharage katikati. Uvuvi kwetu ni kazi ya wageni waliotoka Ukerewe na Mara kuja kupanga vibanda visiwani. Mwanamume wa Kagoma ambaye migomba yake inasubiri kupunguziwa majani, halafu yeye yuko juu ya maji ameshika ndoano, huyo ana kasoro. Na baba hakuwa mtu wa hivihivi. Alikuwa bwana shamba mstaafu, aliyetumia maisha yake yote kuwafundisha watu kupogoa mibuni. Watu walimcheka hadi uwanjani kwa kanisa baada ya misa. Aliwavumilia wote. Aliyemuuma ni mama.

"Siku moja tu," aliniambia. "Siku moja tu mama yako aseme, huyu umemvua. Nitakufa nimeridhika." Alikuwa akitania, lakini macho yake hayakutania.

Mimi ni mwalimu wa sekondari mjini Bukoba, naishi Kitendaguro, na katika familia yetu ndimi ninayehesabiwa kuwa mtu wa Kiingereza na simu kubwa. Kwa hiyo baba aliposikia kwamba ng'ambo kuna chama kinachotunza rekodi za samaki wa dunia nzima waliovuliwa kwa fimbo na ndoano, alinipigia simu saa hiyohiyo. Alikuwa na fimbo nzuri ya kuvulia, aliyoachiwa na mtalii mmoja. Alitaka nimsomee masharti.

Nilianza vibaya. Nilifungua kurasa za samaki wa baharini, nikamsomea masharti ya papa na jodari kwa muda mrefu, naye akasikiliza kwa heshima, mpaka akauliza kwa upole kama hao papa wanapatikana Muleba. Nikatafuta upya, nikampata sangara. Kumbe hata kila unene wa mshipi una rekodi yake, na kwa mshipi mwembamba kama wa baba rekodi iliyokuwapo haikuwa ya kutisha. Samaki mkubwa kidogo kuliko wale aliozoea angeweza kuivunja.

Nikamtafsiria, naye akaandika. Samaki apimwe nchi kavu, si ndani ya chombo. Mzani uwe umekaguliwa na serikali na una muhuri ambao haujapitwa na wakati. Wawepo mashahidi. Mtu mwingine asiiguse fimbo wakati wa kuvua. Zipigwe picha za samaki, fimbo na mvuvi. Kipande cha mshipi kihifadhiwe. Baba aliyakariri masharti hayo kama katekisimu, kwa namba. Kulikuwa na ukurasa wa pili, lakini bando lilikuwa linaniishia na mitihani ya kusahihisha ilinisubiri, nikamwambia yamekwisha. Naliandika hili waziwazi ili lisionekane nimelificha.

"Karatasi ya ng'ambo yenye muhuri," baba alisema. "Hiyo mama yako hataiuliza bondo."

Ikaja likizo ya Juni, nikaenda Kagoma. Jumamosi tukamwambia mama tunakwenda mwaloni, mimi nikampige baba picha akiwa na fimbo yake. Hatukusema uongo. Hatukusema tu kwamba mwaloni tungeingia kwenye mtumbwi wa injini na kwenda hadi kisiwani, safari ya saa mbili. Mama alitufungia ndizi za kuchoma na kumwambia baba asinunue samaki mkubwa mno, friji la jirani limejaa.

Ziwa halinitaki. Nilitapika mara tatu kabla ya kufika kisiwani, na mara ya nne baada ya kugeuka kwenda kuvua. Mwenye mtumbwi, mwanamume mmoja kutoka Ukerewe aliyemwita baba Bwana Shamba bila kejeli yoyote, alinipa limau ninuse na kunishauri nitazame mbali. Nilikuwa natazama mbali hivyo wakati fimbo ya baba ilipoinama.

Sitawachosha na pambano lenyewe, kwa sababu muda mwingi nilikuwa nimefumba macho. Najua lilichukua zaidi ya saa moja. Najua kwamba baba, mtu wa miaka sabini na zaidi, anayelalamika magoti akitoka kitandani, alisimama muda wote. Mwenye mtumbwi alitaka kumsaidia, baba akakataa kwa ukali ambao sijawahi kuusikia kwake, kwa sababu sharti namba nne lilisema mtu mwingine asiguse fimbo. Kisha kitu kikubwa chenye rangi ya fedha kikaja ubavuni, jicho lake linang'aa kama taa, na mwenye mtumbwi akasema maneno mawili ya Kikerewe ambayo alikataa kunitafsiria. Walimpandisha wote wawili. Samaki alinifika kifuani, na mimi si mfupi.

Baba alikaa. Alishika kichwa. Halafu akaanza kucheka peke yake kama mwanafunzi aliyefaulu, nami nikasahau kichefuchefu changu, nikampiga picha nyingi mpaka simu ikapata joto.

Tuliporudi kisiwani, watu wakajaa. Mzani wa kuning'iniza wa wachuuzi ulikuwa pale pale, lakini baba akakataa hata kuutazama. Mzani huo hauna muhuri. Alikwenda chini ya kibanda na mwenye mtumbwi na mashahidi wawili kuandika maelezo yao kwenye daftari, akaniacha mimi nimlinde samaki.

Kina mama wanaopasua samaki wakanijia. Walikuwa wakarimu ajabu. Walinipa maji, wakanipa kiti, wakanisifia baba. Kisha mmoja, mwenye kisu mkononi tayari, akaniuliza, "Tumtoe matumbo, mwalimu? Jua ni kali, ataharibika njiani."

Hapo ndipo nilipofanya nililofanya. Mtu wa kwetu akisaidiwa hakatai. Ukilelewa Kagoma unafundishwa kwamba mkono unaonyooshwa kukusaidia haurudishwi, hata kama msaada hukuuhitaji, na unashukuru kwanza, unafikiri baadaye. "Kasinge, waitu," nikasema, kisha nikarudia kwa Kiswahili kwa kuwa wao si Wahaya, "asanteni sana, mama zangu."

Hawakuchukua hata dakika tano. Matumbo wakayatupa, ndege wakamaliza. Bondo wakaliosha, jeupe, refu kama mkono wangu, wakalitia kwenye mfuko wa plastiki na kunikabidhi. Mwenye mtumbwi alikuwa amekwisha kusema kwamba la samaki huyu halichukui, ni heshima ya mzee. "Lishike mwenyewe," yule mama aliniambia kwa sauti ya chini. "Usiwape wanaume." Nikalitia kwenye mkoba wangu, nikijiona binti mwenye akili. Samaki akafungwa kwenye magunia yaliyoloweshwa maji, na baba alipotoka kibandani alikuta mzigo umefungwa vizuri, akanishukuru.

Bara tulimkuta afisa uvuvi, dada kijana aliyevaa mabuti ya mpira, mwenye bidii ya kazi mpya. Alimwamkia baba, akasikiliza habari yote, na macho yakamtoka. Hajawahi kupima rekodi. Akakimbilia mzani wake, akaufuta vumbi, akainama kusoma muhuri.

"Mzee wangu," akasema, "muhuri huu umeisha mwaka jana."

Baba alifumba macho. Akayafumbua. "Kagoma," akasema. "Chama cha kahawa. Msimu umeanza, mzani wao umekaguliwa mwezi uliopita. Nilikuwapo."

Hivyo ndivyo sangara wa baba alivyopanda bajaji, mkia nje, mimi na afisa uvuvi tumebanana na kichwa chake, baba mbele kwa dereva akiwa ameishika fimbo wima. Habari zilitutangulia, sijui kwa njia gani. Tulipofika kwenye ghala la chama, watu waliokuwa wakisubiri kupimiwa kahawa waliacha foleni yao, na wale waliomcheka baba uwanjani kwa kanisa walikuwa wote pale. Karani wa chama alisukuma magunia pembeni, akafagia mzani, akaita watu waukaribie waone muhuri. Baba aliiweka fimbo ukutani. Alikuwa amenyooka mgongo. Nilimtazama nikafikiri, hii ndiyo siku yake.

Afisa uvuvi akafungua magunia. Akamgeuza samaki. Akatazama tumbo, akanitazama mimi, kisha baba.

"Huyu amekwisha kupasuliwa," akasema.

"Ndiyo," nikasema kwa furaha, "ili asiharibike. Na bondo lake ninalo hapa!" Nikalitoa kwenye mkoba na kulinyanyua juu mbele ya kijiji kizima.

Dada yule akaniomba simu yangu. Akafungua ule ukurasa wa masharti, akaenda wa pili, akanionyesha kwa kidole. Samaki apimwe mzima kama alivyotoka majini, asiwe ametolewa chochote.

Nikaanza kubishana, kwa sababu mimi nikikosea huwa nabishana. Nikasema tulirudishe bondo tumboni, tushone, tupime vyote pamoja. Afisa akauliza kwa upole, na matumbo? Nikasema matumbo tuyakadirie. Mtu mmoja nyuma akacheka, kisha wote wakacheka, na karani wa kahawa akasema hata yeye mkulima akimletea gunia lililotobolewa hakadirii. Nilitaka kumrukia.

Baba hakucheka wala hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alisema tu, "Mpimeni hivyohivyo." Wakampima, afisa akaandika kilo kwenye karatasi, akaongeza kwamba samaki amepimwa bila matumbo, akatia sahihi. Uzito huo pekee, bila matumbo, ulikuwa pungufu kidogo tu ya rekodi. Baba aliikunja karatasi, akaitia mfukoni, na kumshukuru kila mtu kwa zamu.

Njiani kwenda nyumbani nililia. "Tata, nisamehe," nikamwambia baba. "Nimekuharibia."

"Mwana wange," akasema, "ungekataa msaada wao ningekushangaa." Lakini alikuwa akitazama upande wa migomba aliposema hivyo.

Mama alikuwa jikoni. Alimtazama samaki kwanza, kama kawaida. Akapitisha mkono kwenye tumbo lililopasuliwa. Nilijua linalokuja, na baba alijua. Aliegemea mlango akingoja.

"Huyu nusu ya mshahara wako wa uzeeni imekwenda," mama akasema.

Nikamwonyesha picha. Akasema picha si kitu, kwani mimi mwenyewe niliwahi kumpiga yeye picha amesimama na ng'ombe wa jirani, na ndugu zetu wa Dar wakaamini tuna ng'ombe. Nikamwonyesha karatasi ya afisa. Akasema afisa alipima samaki, hakupima nani kamvua. Hapo nikachoka. Nikafungua mkoba, nikalitoa bondo, nikaliweka juu ya meza mbele yake.

Mama alilishika, akalinyanyua kwenye mwanga wa dirisha. Hakuna mchuuzi ziwa zima anayekuuzia samaki akakupa na bondo lake, na hilo analijua yeye kuliko mtu yeyote. Nilimwona baba akijinyoosha pale mlangoni. Miaka yote hiyo, sasa linakuja.

"Kwa hiyo ni kweli," mama akasema polepole. "Huwa unakwenda."

"Huwa nakwenda," baba akasema.

"Huko kwenyewe. Katikati."

"Huko kwenyewe."

Kisha akanigeukia mimi. "Na hizi picha umepigia wapi? Na wewe uliingia?" Aliliweka bondo mezani, akakaa kwenye kigoda, akajifunika uso kwa kanga na kulia kwa sauti. Sijawahi kumwona mama akilia hivyo, hata msibani.

Mama alikuwa na kaka. Nilijua habari zake kama watoto wanavyojua mambo yaliyotokea kabla hawajazaliwa, yaani nilijua bila kuzifikiria. Alivuka kwenda visiwani kuuza ndizi na hakurudi, na mwili haukupatikana. Haikuwahi kunipitia akilini kuiunganisha habari hiyo na samaki wa Jumamosi.

"Nilijiambia unanunua," alisema ndani ya kanga. "Miaka yote. Anayenunua anasimama sokoni, anabishana bei, anarudi. Nilikuwa napika hapa na roho imetulia kwa sababu uko sokoni. Sasa mmeniletea hiki."

Baba alisimama pale, amepata alichokitaka maisha yake yote, na sura yake ilikuwa ya mtu aliyevunja chombo cha wenyewe. Akaja akachuchumaa kando ya kigoda, na magoti yale, taratibu. "Basi sitakwenda tena," akasema.

Mama alijifuta uso. "Utakwenda," akasema. "Nakujua. Utakaa wiki mbili, kisha utanidanganya. Nenda. Ila ukikanyaga nchi kavu, kabla hujamfungua samaki, kabla hujasalimiana na watu, unanipigia simu." Baba akaitikia kwa kichwa. Kisha mama akaomba kisu, akasema samaki mkubwa kiasi hiki haliwi na watu watatu, niende nikawaite majirani.

Agosti nilirudi kuwatembelea. Ilikuwa Jumamosi, baba hayupo. Nilishinda na mama kibanjani na jikoni, tukipiga soga, akinicheka kwa kilo zangu nilizoongeza, akinionyesha mibuni mipya, akinipikia bitoke, ndizi zetu za kupika. Kama saa tisa na nusu simu yake ikalia. Aliipokea kabla haijaita mara ya pili. Akasema, "Haya," akakata. Akaweka simu juu ya kabati, akavuta kigoda, akakaa, akanyoosha miguu. Nami ndipo nikakumbuka kwamba tangu asubuhi sikuwa nimemwona akiketi.